Kufuta jina na namba yako kwenye mitandao ya kutafuta watu: maswali mnayouliza sana, majibu kwa watu wa Mwanza na kanda ya ziwa

Haya maswali nimeyakusanya hapa steshenari Nyegezi na kwenye magrupu, maana kila wiki anakuja mtu na simu mkononi anasema "nimejigugo nimeona vitu vyangu, nifanyeje". Nimejibu kama ninavyowajibu watu ana kwa ana. Soma swali linalokuhusu, sio lazima umalize yote.

Hizi tovuti za kutafuta watu ndio zipi?

Ni tovuti ambazo biashara yao ni taarifa za watu. Kubwa zake ziko Marekani: Whitepages, Spokeo, BeenVerified, Intelius, Radaris, TruePeopleSearch na nyingine kibao. Unaandika jina la mtu, inakuletea umri, sehemu alizowahi kuishi, namba za simu, mpaka ndugu zake. Wanachukua kwenye madaftari ya wapiga kura, hati za nyumba, kesi za mahakamani, na wananunua kwa makampuni ya matangazo, maana kule nyaraka nyingi za serikali ziko wazi kwa mtu yeyote.

Kwetu hati ya kiwanja chako cha Buswelu haijaanikwa mtandaoni hivyo, kwa hiyo hao Wamarekani hawana mengi juu yetu. Lakini usikae ukasema basi niko salama, kwa sababu huku kazi ileile inafanywa na vitu vingine: programu za kutambua anayepiga kama Truecaller na GetContact, Facebook, blogu za ajira, na PDF za majina zinazozunguka kwenye magrupu. Ukiunganisha hivyo vinne mtu anakujua vizuri tu bila kununua chochote.

Mimi niko Igoma, nitaingiaje kwenye tovuti ya Marekani?

Kama hujawahi kukaa kule wala huna ndugu kule, mara nyingi haumo. Ila kama uliwahi kusoma au kufanya kazi huko, ukafungua akaunti ya benki, ukapanga nyumba, ukasajili laini, kuna uwezekano mkubwa umo mpaka leo hata kama ulirudi zamani. Na kama ulikaa kwa kaka yako, wewe unaweza kutokea kwenye ukurasa wake kama ndugu, kwa sababu hizo tovuti zinaangalia nani na nani walitumia anwani moja halafu zinawaunganisha.

Nianzie wapi sasa?

Anza na namba ya simu. Wengi wanaanza na jina, na mimi nawaambia acha kwanza jina, kina Maria na kina Masanja tuko wengi, jina peke yake halimfikishi mtu mlangoni kwako. Namba ndio kila kitu huku: ina hela, ina WhatsApp, imesajiliwa kwa alama za vidole na NIDA, na ndio hiyohiyo umeandika kwenye CV, kwenye bango la duka na kwenye fomu ya shule ya mtoto. Mtu akishapata namba yako na jina lako kamili kwa pamoja, ndio anaanza "habari mama, mimi ni mwalimu wa mwanao, ameanguka shuleni, tuma haraka".

Kwa hiyo fungua Google, andika namba yako ndani ya alama za kunukuu. Andika kwanza inayoanza na 0, halafu ya 255, halafu ya +255 yenye nafasi katikati, kwa sababu Google inaweza kuzichukulia kama vitu tofauti. Kisha jina lako kamili pamoja na Mwanza, au na shule uliyosoma, au na kazi yako. Ukikuta kitu piga skrinishoti, nakili linki, andika tarehe kwenye daftari. Hilo daftari litakusaidia baadaye, maana ukienda kulalamika bila linki hakuna atakayekusikiliza.

Najifutaje kwenye Truecaller, na kwa nini nimo wakati sijawahi kuiweka?

Umo kwa sababu ya watu wenzako. Majina ya Truecaller yanatoka kwa watumiaji wenyewe: mtu anapendekeza jina, anakutag, basi jina linakaa pale na wewe huna habari. Kuna mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, jina alilopewa lilikuwa na biashara yake, soko lake, na neno "tajiri" mwishoni, aliyemwandika hivyo pengine alikuwa anamtania tu. Matokeo yake kila tapeli aliyekuwa anapiga anajua kabisa anaongea na nani na hela zake zinatoka wapi, anamwambia "mama mzigo wako wa Nansio umekwama, lipia". Tulikaa naye tukaitoa, na hatua ni hizi.

Kama una programu yenyewe kwenye simu, kwanza lazima uzime akaunti: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, chagua kuzima akaunti. Watu wanadiliti programu kwenye simu wanadhani wamemaliza, hapana, kuondoa programu sio kuzima akaunti. Halafu nenda tovuti ya truecaller.com kwenye ukurasa wa unlisting (kuondoa namba kwenye orodha yao), andika namba ikianza na +255 (ile sifuri ya mbele unaitoa), thibitisha wewe sio roboti, tuma. Wenyewe wanasema inachukua mpaka saa 24. Yule mama tulipojaribu siku iliyofuata kwa simu nyingine namba haikuleta jina.

Ila ujue ukiirudisha Truecaller kesho kwa namba ileile, umejirudisha mwenyewe kwenye orodha. Hapo inabidi uchague, unataka kujua nani anakupigia au unataka usijulikane.

GetContact nayo ina ukurasa wake wa kuificha namba, wanakuthibitisha kwa ujumbe kisha unachagua isionekane. Fanya zote mbili siku moja umalize.

Namba yangu ni ya biashara, nikiifuta wateja watanipataje?

Usiifute. Namba ya biashara kazi yake ni kuonekana, hata kwenye Google ikae na jina la duka. Unachotakiwa ni laini mbili, moja ya wateja na nyingine ya familia, benki na shule, na hizi mbili zisikutane, yaani ile ya familia usiiweke kwenye bango, usiiposti, usiiandike kwenye daftari la wageni getini. Jina la biashara liwe jina la biashara, sio majina yako matatu.

Na ukishakuwa na laini zaidi ya moja, piga *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika waifute, usiseme nitaenda wiki ijayo.

Kaka yangu yuko Texas na kila kitu chake kipo kwenye Spokeo na Whitepages, anatokaje?

Anatoka, ni bure, ila inachosha kwa sababu kila tovuti ina mlango wake. Spokeo anatafuta ukurasa wake, ananakili linki, anaingia sehemu yao ya opt out (kuomba kuondolewa) iliyo chini kabisa ya tovuti, anabandika linki na barua pepe, anapokea ujumbe wa kuthibitisha, anabonyeza. BeenVerified karibu vilevile. Whitepages wao wanampigia simu wampe namba ya kuthibitisha, kwa hiyo afanye yeye mwenyewe kule aliko kwa simu yake, wewe ukiwa Mwanza na laini ya hapa hutafika mbali. Hiyo barua pepe iwe mpya ya kazi hiyo tu, asiwape ile ya benki.

Mtu anaweza kuwa na kurasa tatu au nne kwenye tovuti moja, moja kwa kila anwani aliyohama, kwa hiyo akifuta ya kwanza arudie kutafuta. Na kama yuko California ana bahati, jimbo lile lilipitisha sheria mwaka 2023 na kuanzia 2026 mkazi anatuma ombi moja tu la kufutwa linawafikia wafanyabiashara wote wa taarifa waliosajiliwa pale. Texas bado ni mlango kwa mlango.

Je Google si ndio wenye hiyo taarifa? Niwaombe wao wafute.

Google wanaonyesha tu njia, taarifa yenyewe ipo kwenye tovuti ya mtu mwingine. Wana fomu ya kuomba matokeo yenye namba yako ya simu, anwani ya nyumbani, barua pepe, namba ya kitambulisho au picha ya sahihi yako yaondolewe kwenye utafutaji, na ni nzuri, itumie. Lakini wakikubali, ule ukurasa bado upo palepale na mwenye linki anaufungua kama kawaida.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza mwenye tovuti afute. Akishafuta utaona Google bado inaonyesha kipande cha maneno ya zamani, usihangaike, wana sehemu nyingine ya kuripoti ukurasa uliopitwa na wakati, unabandika linki wanasasisha. Mwenye tovuti akikataa au hajibu, ndio unaenda kwenye ile fomu ya kwanza. Na kama taarifa ipo kwenye tovuti rasmi ya serikali, Google mara nyingi hawaigusi.

Jina langu lipo kwenye PDF ya walioitwa kazini, linaweza kutoka?

PDF ya Sekretarieti ya Ajira yenyewe ni tangazo rasmi, ile sahau. Shida ni blogu zinazoichukua na kuipakia upya ili zipate watembeleaji, na inakaa hapo miaka. Hao unaweza kuwaandikia, na kwa uzoefu wangu wengi ni vijana wa mtu mmoja na laptopu, ukiwaandikia kistaarabu wanafuta.

Kinachoniumiza roho zaidi ni CV. Mwanafunzi amemaliza chuo hapa Malimbe, ana hamu ya kazi, anaona tangazo kwenye grupu "tuma CV hapa", anaituma mbele ya watu mia kadhaa asiowajua. Fungua CV moja ya hivyo uangalie kilichomo: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, mtaa anaokaa, picha ya pasipoti, namba ya NIDA wengine wanaweka, halafu chini kabisa wadhamini watatu na namba zao, mchungaji, mhadhiri na mjomba. Yaani amejianika yeye na watu watatu ambao hawakuulizwa. Na ile PDF ikishapakuliwa hakuna kitufe duniani cha kuirudisha, unaweza kufuta ujumbe kwa wote kama bado muda unaruhusu lakini aliyeihifadhi ameihifadhi.

Kwa hiyo kwenye CV ya kutuma ovyo weka jina, barua pepe na fani, basi. Tarehe ya kuzaliwa, NIDA na wadhamini unampa mwajiri ukishaitwa usaili wa kweli. Mwajiri wa kweli hatakunyima kazi kwa hilo.

Na Facebook?

Mwaka 2021 zilimwagwa mtandaoni taarifa za watumiaji zaidi ya milioni 500 wa Facebook, namba za simu zikiwemo, zilizokusanywa kabla ya hapo kupitia kile kipengele cha kutafuta marafiki kwa namba. Zile haziwezi kurudi. Unachoweza ni kuzuia nyingine: kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya nani anaweza kukupata kwa namba ya simu, weka mimi tu. Kwa barua pepe, ingia tovuti ya Have I Been Pwned, andika yako, itakuambia imevuja kwenye matukio gani. WhatsApp nako picha ya profaili iwe kwa waliomo kwenye kontakti zako, na anayeweza kukuingiza kwenye grupu iwe hivyohivyo.

Mtu akitaka kutuma hela kwenye namba yangu anaona jina langu lote. Nalificha vipi?

Hulifichi, na usitamani kulificha. Lile jina ndilo linalomsaidia anayetuma asikosee namba. Ni kweli kuna wanaoanzisha muamala ili wasome jina halafu wanaghairi, na ndio maana nimesema uwe na laini mbili.

Niliweka apu ya mkopo, sasa wanawapigia ndugu zangu wote.

Hao hawakukutafuta mtandaoni, wewe uliporuhusu programu isome kontakti zako ndio ilichukua orodha yote. Nenda mipangilio ya simu, ondoa ruhusa ya kontakti, picha na ujumbe, halafu ndio uitoe. Namba zilizokwishachukuliwa hazirudi kwa kuondoa programu, kwa hiyo waambie ndugu mapema wasishtuke na wasilipe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, angalia kama ya kwako imo, na vitisho vya jumbe peleka polisi na skrinishoti zake. SMS za kitapeli za kawaida, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", ziripoti kwa kutuma kwenda 15040.

Sheria ya kwetu inanisaidia au ni maneno tu?

Inasaidia, na nataka watu wengi wajue kwamba ipo. Katiba ibara ya 16 inatambua haki ya faragha toka zamani, ila sheria yenyewe ya kazi hii ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo una haki ya kumuuliza yeyote anayeshika taarifa zako anazo zipi, kumtaka arekebishe zilizokosewa au afute, kumkatalia kuzitumia kukutangazia biashara, na kudai fidia ukidhurika. Asiposikia unapeleka malalamiko Tume.

Inafanya kazi vizuri kwa aliye hapa nchini: duka, shule, saccos, hospitali, blogu ya mtu wa Mabatini. Kwa tovuti ya Marekani isiyo na hata meza Tanzania, tumia fomu yao, itakuwa haraka zaidi.

Kuna mtu ananiambia nimpe elfu hamsini na kopi ya NIDA anifute kila sehemu.

Usimpe hata kimoja. Hakuna mwenye ufunguo wa kila sehemu, na unampa kitambulisho mtu usiyemjua ili akulinde na watu usiowajua. Nje zipo huduma halali za kulipia kama DeleteMe na Incogni, zinafaa kwa watu wa Marekani na Ulaya. Hata kule, Consumer Reports, shirika la Marekani la kupima bidhaa na huduma kwa ajili ya walaji, walipozipima mwaka 2024 waligundua kufuta mwenyewe kwa mkono kuliondoa asilimia 70 ya kurasa, na hakuna huduma ya kulipia iliyozidi hapo.

Tovuti halali ikitaka kitambulisho, ziba picha na namba, acha jina tu lisomeke, na juu yake andika ni kwa ajili ya ombi gani na tarehe.

Nimeondoka kwa mume aliyekuwa ananipiga, niko Mwanza kwa dada yangu, sitaki anipate.

Pole sana dada. Kwako wewe mpangilio unabadilika, hayo ya Google yatasubiri.

Kwanza simu yenyewe. Kama aliwahi kuishika au ndiye aliyeinunua, angalia kama akaunti ya Google iliyomo ni ya kwako na nywila anaijua nani, maana kwa akaunti hiyo anaona simu ilipo bila kukupigia. Badilisha nywila ukitumia simu ya dada, toa vifaa vyote usivyovijua, na angalia WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, wengi wanasomwa jumbe zao kwa kompyuta iliyounganishwa siku nyingi. Zima pia kushea lokesheni.

Pili watu. Wanaofichua sana sio tovuti, ni mtoto wa dada anayeposti picha ya jumapili Capripoint na wewe umo nyuma, au shangazi anayejibu simu "yupo hapa Mwanza anaendelea vizuri". Kaa nao uwaambie wazi wasikutag na wasiposti mpaka useme. Shule ya mtoto nayo iambie nani anaruhusiwa kumchukua na nani hapewi taarifa.

Ukichukua laini mpya usiwape watu wote wa zamani kwa siku moja, na namba ya zamani usiitupe tu kabla hujaihamisha benki na barua pepe, kwa sababu laini ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao unaweza kumpa mtu mwingine. Jumbe zake za vitisho usifute hata kama zinakuumiza, piga skrinishoti mpe dada akutunzie, halafu nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Nenda na mtu.

Nilishafuta mwaka jana, mbona nimerudi?

Kwa sababu wananunua orodha mpya, na jina lako limo kwenye orodha mpya. Ni kama magugu maji ya ziwani, leo mmesafisha mwalo mzima, upepo ukigeuka yanarudi kutoka kwingine. Jigugo upya kila baada ya miezi michache, fungua daftari lako uende linki kwa linki, itakuwa haraka kuliko mara ya kwanza.

Nikimwandikia mwenye blogu au admini niseme nini?

Andika kifupi, bila matusi hata kama una hasira. Wengi huwa nawapa hii wanabadilisha kidogo:

"Habari ndugu. Kwenye ukurasa wako huu (weka linki) kuna jina langu na namba yangu ya simu, sikuridhia ziwekwe hapo. Naomba uziondoe ndani ya siku saba, kwa haki yangu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nimeambatanisha skrinishoti ya leo. Ukishaondoa naomba unijulishe kwa barua pepe hii. Asante."

Usiongeze taarifa mpya ambazo hakuwa nazo, kama mtaa au namba yako nyingine. Siku saba zikipita kimya, unatuma ileile tena ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, na safari hii unamwambia nakala ya pili inaenda Tume pamoja na skrinishoti, halafu unaipeleka kweli.